Jinsi ya kulala bila joto na bila bili kubwa ya stima

Mvua za mwisho wa mwaka zinapokatika, malalamiko huwa ni yale yale katika mitaa ya Lurambi, mjini Kakamega: nyumba zinachoma. Kuanzia Amalemba hadi Shirere na Mahiakalo, nyumba nyingi zimeezekwa kwa mabati, na ifikapo saa nane mchana joto la ndani hulishinda lile la nje. Wenye uwezo hununua kiyoyozi, mashine ambayo wengi huiita AC. Baada ya mwezi mmoja, lalamiko hugeuka likawa la stima.

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwenye mita. Joto likizidi usiku, watu huinua neti na kuitupa kando. Kakamega imo katika eneo la Ziwa Victoria, ambako malaria husambaa mwaka mzima. Uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2020 ulipata vimelea vya ugonjwa huo katika asilimia 19 ya watoto waliopimwa eneo hili, ilhali kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 6. Mtoto anayelala nje ya neti kwa sababu ya joto anaweza kuamka na ugonjwa ulio mbaya zaidi kuliko jasho.

Kwa hivyo, msomaji, usilichukulie jambo hili kuwa la starehe tu. Unatakiwa kukipoza chumba kiasi cha watu kuvumilia neti, na kwa gharama utakayoimudu kila mwezi.

Joto hutoka wapi?

Mji wa Kakamega uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,500. Ndiyo maana hata katika miezi ya joto, hewa ya usiku huwa baridi kuliko ile ya Mombasa au Kisumu. Adui wako mkubwa ni paa. Bati hupata moto tangu asubuhi na kulishusha joto hilo chumbani. Kuta za mawe nazo hulinyonya mchana kutwa, kisha hulitoa polepole usiku, wakati ambapo nje kumeshapoa. Nyumba za zamani za udongo na nyasi hazikuwa na shida hii, kwa kuwa nyasi hushika hewa nyingi katikati yake na joto huchukua muda mrefu kupenya.

Watu wengi hudhani kwamba kiyoyozi hutengeneza baridi. Sivyo. Kazi yake ni kulichukua joto lililo chumbani na kulitupa nje. Kila joto linaloingia tena kupitia paa, dirisha au mlango uliofunguliwa ni kazi mpya ambayo utailipia. Kuwasha kiyoyozi chini ya bati lisilo na dari ni sawa na kuchota maji kwa ndoo iliyotoboka.

Anza na yale ya kulipia mara moja

Kabla ya kwenda dukani kutafuta kiyoyozi, tazama nyumba yako:

1. Weka dari. Hewa iliyo kati ya bati na dari huzuia sehemu kubwa ya joto. Kama nyumba ni ya kupanga, zungumza na mwenye nyumba, kwani dari humfaidi yeye pia.

2. Paka bati rangi nyeupe inayofaa mabati. Rangi nyeupe hurudisha miale ya jua, hali bati lililoshika kutu huinyonya.

3. Ziba jua la alasiri. Madirisha yanayotazama magharibi yawekewe pazia zito, au mti wa kivuli upandwe upande huo, mbali kidogo na msingi wa nyumba.

4. Weka wavu wa kuzuia mbu kwenye madirisha. Wengi hufunga madirisha jioni kwa kuogopa mbu, na kwa kufanya hivyo hulifungia joto ndani. Dirisha lenye wavu na vyuma vya usalama linaweza kubaki wazi, na hewa baridi ya usiku haina bili.

5. Pika na upige pasi asubuhi, au mbali na vyumba vya kulala. Jiko, pasi na hata balbu za zamani huongeza joto chumbani.

Piga hesabu kabla ya kununua

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hesabu ya stima ni rahisi. Tazama idadi ya wati iliyoandikwa kwenye chombo, zidisha kwa saa unazokitumia, kisha gawanya kwa 1,000. Utapata yuniti ulizotumia.

Feni ya wati 50 ikizunguka saa nane kila usiku kwa siku 30 hutumia yuniti 12. Kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja huvuta takriban wati 1,000 mtambo wake unapofanya kazi. Kwa saa hizo hizo, mtambo usipopumzika kabisa, utatumia yuniti 240. Hata ukipumzika nusu ya muda, ni yuniti 120. Yaani kiyoyozi kimoja ni sawa na feni kumi au zaidi.

Katika bei zilizoanza kutumika Aprili 2023, wateja wa nyumbani waligawanywa katika madaraja matatu: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, wanaofika hadi 100, na wanaopita 100. Kadiri unavyopanda daraja ndivyo bei ya kila yuniti inavyopanda, na daraja lako hutegemea wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu. Chukua familia inayotumia yuniti 60 kwa mwezi. Ikiongeza feni itafika 72, na itabaki katika daraja la kati. Ikiongeza kiyoyozi itafika 180 au zaidi. Ikiendelea hivyo msimu wote wa joto, haitalipia tu yuniti zilizoongezeka, bali hata zile za taa na televisheni itazilipia kwa bei ya juu. Hapo ndipo tokeni zilizokuwa zikitosha wiki mbili huisha kwa siku chache.

Kama tayari una kiyoyozi

Huhitaji kukiuza. Kitumie kwa akili. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kiyoyozi kiwekwe nyuzijoto 27 na feni iwashwe pamoja nacho. Upepo wa feni hufanya mwili uhisi kama joto limepungua kwa nyuzi 4 zaidi, na gharama ya stima ya kupozea inaweza kupungua hadi asilimia 70. Sababu ni kwamba mwili hupoa jasho linapokauka, na upepo hulikausha upesi. Anayeweka nyuzijoto 18 ili chumba kipoe haraka hujidanganya. Viyoyozi vingi havipozi kwa kasi zaidi kwa kufanya hivyo, ila hukawia kupumzika.

Mambo mengine ya kuzingatia ni haya:

1. Pozeni chumba kimoja. Katika usiku wa joto kali, ni nafuu watoto walale katika chumba hicho, kila mmoja ndani ya neti yake, kuliko kupoza nyumba nzima.

2. Fungua madirisha kwanza jioni, joto la mchana litoke. Yafunge tu unapowasha kiyoyozi.

3. Tumia kipima muda. Kiyoyozi kikizimika saa sita usiku, feni na hewa ya nje hutosha hadi asubuhi katika mji wa mwinuko kama huu.

4. Safisha chujio kila baada ya wiki mbili hadi nne. Chujio lililojaa vumbi huifanya mashine ivute stima zaidi. Tena ukungu unaoota ndani yake huweza kumzidishia shida mwenye pumu.

5. Unaponunua, tazama kibandiko cha nyota. Nyota zikiwa nyingi, mashine hutumia stima kidogo kwa kazi ile ile.

6. Chomoa mashine kunapokuwa na ngurumo. Kakamega ina radi nyingi, na radi moja yaweza kuharibu mashine uliyoinunua kwa akiba ya mwaka mzima.

Usiokoe pesa kwa kuhatarisha uhai

Kiyoyozi hakiui mbu. Baridi na upepo huwapunguzia kasi, lakini mbu mmoja mwenye vimelea anatosha. Neti ishushwe kila usiku, mashine iwe inawaka au imezimwa.

Vilevile, viyoyozi vingi vya nyumbani huzungusha hewa ile ile ya chumbani; havileti hewa mpya. Usiingize kamwe jiko la makaa katika chumba kilichofungwa ukidhani kiyoyozi kitaondoa moshi. Gesi ya sumu itokayo kwenye makaa haina rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Feni nayo ina mpaka wake. Chumba kikipita nyuzijoto 40, upepo wake huuongezea mwili joto badala ya kuupoza. Kwa usiku wa Lurambi hilo si la kuhofiwa, lakini lina maana kubwa kwa jamaa zako walio Lodwar au Mandera.

Wazee, watoto wachanga, akina mama wajawazito, wagonjwa wa moyo na wa kisukari huumizwa na joto upesi kuliko wengine. Usiwazimie feni kwa ajili ya kuokoa yuniti 12. Wape maji mara kwa mara, isipokuwa mtoto wa chini ya miezi sita, ambaye anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Upepo wa feni usielekezwe moja kwa moja kwa mtoto mchanga. Wanaotumia dawa za kuongeza mkojo wamuulize daktari kuhusu kiasi cha maji kinachowafaa.

Mtu akipata kizunguzungu, kichwa kikimuuma, akatokwa na jasho jingi na kuhisi kichefuchefu, mpeleke kivulini, mlegezee nguo, mpanguse kwa maji baridi na umpe maji anywe kidogo kidogo. Akianza kuweweseka, akizimia, au mwili ukiwa wa moto sana, mkimbize hospitalini bila kuchelewa, huku ukiendelea kumpoza njiani. Na katika eneo letu, homa yoyote ipimwe malaria. Usiseme ni joto tu.

Kwa ufupi, shilingi ya kwanza iende kwenye neti na wavu wa dirisha, ya pili kwenye paa, ya tatu kwenye feni. Zikibaki nyingine, ndipo ufikirie kiyoyozi. Ukiufuata mpango huo, huenda ukagundua kwamba hukukihitaji.