Sarufi ya Ulizo: Kijenzi cha Maulizo na Maandishi ya Kimvita

Mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita anayekadiriwa kuishi baina ya mwaka 1776 na 1840, yasingaliwafikia wasomaji wa leo kwa wingi huu kama si juhudi ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, pamoja na W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyeishi Mombasa. Hati zilizotokana na kazi yao zilihifadhiwa London. William Hichens akachapisha diwani ya malenga huyo mwaka 1940, na Mohamed H. Abdulaziz akatoa uchambuzi wake mpana mwaka 1979. Kwa hiyo mwalimu wa leo anayetaka kujua jinsi neno fulani lilivyotumiwa kisiwani Mombasa katika karne ya kumi na tisa hakosi maandishi. Anachohitaji ni njia ya kuyauliza maandishi hayo maswali mengi kwa haraka, na hapo ndipo hifadhidata inapoingia.

Hifadhidata za aina inayozungumzwa hapa zinatokana na fikra ya Edgar Codd, aliyependekeza mwaka 1970 kwamba habari zipangwe katika majedwali yanayohusiana. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce walitangaza lugha ya kuyauliza majedwali hayo, ambayo baadaye ilikuja kuitwa SQL. Maneno ya lugha hiyo ni ya Kiingereza, lakini muundo wake ni mwepesi kuueleza kwa Kiswahili. Ichukuliwe kwamba idara imeingiza beti katika jedwali moja, kila neno likiwa na mstari wake, pamoja na safuwima za mtunzi, hati na ubeti. Ulizo litasomeka hivi:

chagua ubeti kutoka maneno ambapo neno = 'ndia' panga kwa hati

Hiyo ni sentensi kamili, yenye mpangilio usiogeuzwa: "ambapo" haliwezi kutangulia "kutoka", wala "panga kwa" haliwezi kutangulia "ambapo". Mtu anayeiandika kwa mkono hana budi kuunganisha vipande vya maandishi kimoja kimoja, na nafasi moja ikisahauliwa baina ya maneno mawili, mashine hukataa.

Kijenzi cha maulizo ni maktaba ndogo ya programu inayochukua kazi hiyo ya kuunganisha. Mtumiaji hutaja jedwali, hutaja masharti, hutaja mpangilio, kila kimoja kwa amri yake, na kijenzi ndicho kinachotunga sentensi. Mfano mmojawapo ni Knex, inayotumiwa sana na waandishi wa programu za JavaScript. Lugha nyingine nazo zina za kwao. Kwa mwanaisimu wa Kiswahili utaratibu huu si mgeni hata kidogo. Katika kitenzi "waliokisoma" kila kiambishi kina chumba chake: nafsi, wakati, urejeshi, yambwa, mzizi, na irabu ya mwisho. Msemaji anaweza kuifikiria yambwa kabla ya wakati, lakini mdomo hautamki "kiliwaosoma". Vivyo hivyo, sharti likitajwa kabla ya jedwali, kijenzi hulishika, hulingoja jedwali, kisha hutoa kila kitu mahali pake. Faida yake hudhihirika pale masharti yanapoongezwa kulingana na mahitaji: mwanafunzi akichagua hati moja, sharti la hati huongezwa, asipochagua, chumba hicho hubaki kitupu na sentensi haiharibiki.

Kuna faida ya pili, ambayo kwa maandishi ya Kimvita ni kubwa kuliko ya kwanza. Katika SQL maneno yanayotafutwa hufungwa kwa alama moja ya kunukuu kila upande, na alama hiyo ndiyo ritifaa yenyewe. Atakayeandika kwa mkono sharti la neno = 'ng'ombe' atakuwa ameiambia mashine kwamba neno linalotafutwa ni "ng" basi; "ombe" linalofuata halina maana kwake, na alama ya mwisho inafungua nukuu isiyofungwa. Kwa Kiingereza taabu hii hutokea pia. Kwa Kiswahili hutokea kwa kila ng'ombe, ng'ambo na ng'ara, na kwa Kimvita huzidi, kwa kuwa wataalamu wengi huitumia ritifaa kuonyesha mpumuo: "paa" la nyumba na "p'aa" wa porini, "kaa" la moto na "k'aa" wa pwani, "tembo" la mnazi na "t'embo" mwenye mkonga. Kijenzi hakilitii neno linalotafutwa ndani ya sentensi. Huacha kishika nafasi, mara nyingi alama ya kuuliza, na neno lenyewe hupelekwa kando, likapokewa kama neno tu wala si sehemu ya amri. Njia hiyo hiyo humzuia mtu mwenye nia mbaya asipenyeze amri ya kufuta jedwali kupitia kisanduku cha kutafutia.

Hata hivyo ritifaa ina hila nyingine ambayo kijenzi hakiioni. Chapa moja ya kompyuta huandika alama iliyonyooka, nyingine iliyopinda. Kwa jicho la msomaji ni ng'ombe yule yule; kwa mashine ni maneno mawili, na ulizo hurudi mikono mitupu bila ya kulalamika. Alama hizo zilinganishwe wakati wa kuingiza maandishi, kabla ya ulizo lolote kutungwa.

Suala la kurudi mikono mitupu ndilo linalostahili kumshughulisha mwanachuoni, kwa sababu "haikuonekana" hugeuka upesi kuwa "haikutumika", na hukumu ya aina hiyo ikichapishwa hurithiwa na makala nyingine kumi. Anayetafuta "njia" hatapata "ndia", ingawa neno hilo lingali likisomeka katika jina la barabara ya Ndia Kuu mjini Kale. Anayetafuta "macho" hatapata "mato". Anayetafuta "teka" atapata wanaocheka na wanaochota maji pamoja. Kutafuta kwa sehemu ya neno hakutoshi kuwa dawa: mzizi "imb" ukitafutwa popote ulipo, waimbaji watakuja wakifuatana na simba na wanaokimbia. Lililo bora ni safuwima ya ziada yenye umbo la msingi la kila neno, iliyojazwa na mtu anayeijua lahaja. Kazi hiyo ni ya kuchosha, wala hakuna maktaba ya programu itakayoifanya badala yake.

Mtu asiye na safuwima hiyo hulazimika kuuliza maumbo yote mawili, na hapo huingia mtego wa viunganishi. Akiandika "mtunzi = Muyaka na neno = ndia au neno = njia", kila mwalimu wa Kiswahili ataelewa kwamba zinatakiwa ndia na njia za Muyaka. Mashine haielewi hivyo. Kwake "na" hufunga kwa nguvu kuliko "au", hivyo hutoa ndia za Muyaka pamoja na njia za kila mtunzi aliyemo katika jedwali. Kijenzi hutunga sentensi hiyo bila kosa lolote la sarufi. Dawa ni kuyafunga maumbo mawili katika mabano, na vijenzi vingi vina amri ya kufungia masharti katika fungu moja.

Mtego wa mwisho ni wa kimya zaidi. Mashairi mengi ya Mvita hayana mtunzi anayejulikana, na chumba cha mtunzi huachwa wazi. Akiulizwa nani si Muyaka, mtu atawahesabu na wale wasiojulikana. SQL haiwahesabu: kisichojulikana hakiwi sawa na Muyaka wala tofauti naye, basi sharti la "mtunzi si Muyaka" huwatupa nje wote. Mtafiti anayelinganisha msamiati wa Muyaka na wa wengine atakuwa amelipoteza fungu zima la mashairi yaliyopokewa kwa mdomo, na matokeo yake yatapendeza kuliko yanavyostahili. Sharti la pili, la chumba kitupu, liongezwe kwa "au", tena ndani ya mabano.

Vijenzi vingi vinaweza kuitoa sentensi iliyotungwa bila ya kuipeleka kwenye hifadhidata. Katika makala yenye hesabu za maneno, sentensi hiyo ichapishwe pamoja na hesabu, ili msomaji aone mabano yalipofungwa na vyumba vitupu vilivyotendewa.