Mwenye virusi vya ukimwi aweza kupandikizwa figo

MTU anayeishi na virusi vya ukimwi akiambiwa figo zake zimekufa, wengi hudhani mambo yake yamekwisha. Sivyo.

Virusi vyenyewe huweza kuharibu vichujio vya figo, hasa kwa asiyetumia dawa. Hospitali ya rufaa ya Garissa ina mashine za kusafisha damu, lakini kuzifikia kila wiki ni mzigo kwa mtu atokaye Hulugho. Upasuaji wa kupandikiza figo hufanywa Nairobi au Eldoret, na figo kwa kawaida hutolewa na jamaa aliye hai.

Zamani wenye virusi walikataliwa, kwa hofu kwamba dawa za kutuliza kinga ya mwili zingewamaliza. Mwaka 2008, Dkt Elmi Muller wa Cape Town alianza kuwapandikiza figo za marehemu waliokuwa na virusi pia. Utafiti wa Marekani wa 2010 kwa wagonjwa 150 ulionyesha kuwa takriban 95 kati ya kila 100 walikuwa hai baada ya mwaka mmoja. Walichaguliwa wale ambao virusi havikuonekana tena katika damu na CD4 zao kufika 200.

Hatari kubwa kwetu ni siri. Kaskazini Mashariki wenye virusi ni wachache, na kwa sababu hiyo aibu ni kubwa. Mgonjwa huficha vidonge hata kwa daktari wa figo. Ritonavir huifanya takrolimasi, dawa ya kulinda figo mpya, irundikane mwilini hadi iidhuru figo hiyo hiyo. Efavirenzi huimaliza haraka, na mwili ukaikataa figo. Dolutegraviri, inayotumiwa na Wakenya wengi siku hizi, haina ugomvi huo. Lakini hupandisha kidogo kipimo cha kreatinini, na daktari asiyejua atadhani figo inakufa.

Je, ndugu anayekutolea figo? Yeye pia hupimwa. Sheria ya ukimwi ya 2006 hainiruhusu kumfunulia hali yako bila idhini yako ya maandishi. Kwa maoni yangu anastahili kujua, lakini aambiwe nawe mwenyewe, kabla ya kupanda basi la Nairobi. Daktari wa upasuaji naye mwonyeshe vidonge vyote, hata ulivyofunga kwenye kitambaa.