Homoni ya Ukuaji: Kutoka Maiti hadi Bakteria

Chini ya ubongo wa binadamu imo tezi ya pituitari, yenye ukubwa wa punje ya njegere. Miongoni mwa homoni itoazo ni homoni ya ukuaji. Mtoto aikosaye hudumaa, hata akilishwa vizuri.

Tangu 1958 watoto wa namna hiyo walitibiwa kwa homoni iliyotolewa katika tezi za maiti. Mwaka 1985 ilidhihirika kwamba baadhi yao walikuwa wameambukizwa kwa njia hiyo ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob, wakafa. Marekani ikaisimamisha dawa hiyo.

Badala yake ilikwisha patikana. Mwaka 1979 wataalamu wa Marekani walikuwa wamepandikiza jeni ya homoni hiyo katika bakteria aina ya Escherichia coli, naye akaitengeneza. Homoni hii, isiyogusa maiti, iliruhusiwa huko Oktoba 1985.

Mtoto hudungwa sindano chini ya ngozi, naye hurefuka maadamu gegedu katika ncha za mifupa yake mirefu hazijageuka mfupa. Mtu mzima mwenye upungufu huongezeka misuli na kupungua mafuta, lakini harefuki.

Basi si kila mfupi ahitajiye sindano. Wengine hukosa chakula bora tu. Kipimo hutangulia dawa.