Mitambo ya upepo: Wa mbele unapomnyima wa nyuma

MVUVI wa Muhuru Bay, Kaunti ya Migori, anayesafiri kwa tanga katika Ziwa Victoria, anaijua adha ya kuwa nyuma ya mashua nyingine. Chombo kilicho joshini, yaani upande unakotoka upepo, hukinga upepo huo na tanga la nyuma hulegea.

Hali iyo hiyo huikumba mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo. Katika shamba la Lake Turkana Wind Power lililoko Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, na lililozinduliwa rasmi Julai 2019, kuna mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Mtambo ukishachota nguvu za upepo, huacha nyuma yake mkondo dhaifu wenye misukosuko. Mtambo unaopigwa na mkondo huo huzalisha umeme kidogo na huchakaa upesi.

Kwa kawaida kila mtambo huukabili upepo moja kwa moja, ujipatie umeme mwingi kadiri uwezavyo. Wataalamu wanapendekeza mitambo ishirikiane: wa mbele ugeuzwe kando kidogo ili mkondo wake usiupige wa nyuma. Huo wa mbele hupoteza kiasi, lakini jumla ya shamba huongezeka.

Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la mitambo sita katika jimbo la Alberta, Kanada. Upepo ulipofuata safu ya mitambo kwa kasi iliyokaribia wastani wa eneo hilo, umeme uliongezeka kwa asilimia 7 hadi 13.

Ugumu ni kwamba upepo hautulii. Kabla mkondo haujaufikia mtambo wa nyuma, huenda upepo umekwisha geuka. Hesabu kamili za mwendo wa hewa huichukua kompyuta muda mrefu, ilhali uamuzi hauna budi kutolewa upesi. Hesabu nyepesi huwahi, lakini hukosea. Aidha, mtambo uliogeuzwa kando hubeba mzigo usiolingana, na mapanga yake yaweza kuumia.

Loiyangalani ina nafuu, kwani upepo wake hutoka kusini mashariki karibu mwaka mzima. Muhuru Bay ni kinyume: mchana upepo huvuma kutoka ziwani, usiku kutoka nchi kavu. Atakayetaka kujenga shamba la upepo ufuoni humo itambidi kwanza aupatie ufumbuzi ugeugeu huo.