Cheti cha Usalama Mahali pa Kazi: Nani Anakihitaji na Kina Uzito Gani

Anayesafiri kwa Barabara ya Kilwa kutoka Mwandege, akipita Vikindu na Kisemvule hadi Mkuranga mjini, huona viwanda pande zote mbili za barabara: vya vinywaji, vya nondo, vya vigae. Ndani ya malango hayo zimo kazi za aina nyingi, na mojawapo inayowavutia vijana wa kata za wilaya hii ni ile ya afisa usalama. Wengi wamemwona mtu mwenye kofia ngumu na koti linalong'aa, akipita huku na huko na daftari mkononi, nao wamesikia kwamba ili kuipata kazi hiyo kinachohitajika ni cheti tu.

Neno hilo "tu" limewagharimu watu fedha. Vyeti vya usalama na afya mahali pa kazi ni vingi, havilingani uzito, na kila kimoja kimewekwa kwa kazi yake. Aliyehudhuria mafunzo mafupi ya huduma ya kwanza anacho cheti. Mhitimu wa chuo kikuu aliyeongeza mitihani ya kimataifa anacho pia. Kabla ya kuuza mbuzi au kukopa kwenye kikoba ili kulipia mafunzo, inafaa mwananchi aelewe cheti anachokikusudia kinamruhusu kufanya nini, na kinamlinda nani.

Kazi yenyewe ni ipi

Msingi wa fani hii nchini ni Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001. Sheria hiyo inamtaka mwajiri asajili sehemu yake ya kazi, awapime afya wafanyakazi wake kabla hawajaanza kazi na baadaye kwa vipindi, na akiwa na wafanyakazi zaidi ya wanne ateue kwa maandishi mwakilishi wa usalama na afya kutoka miongoni mwao. Wajibu huo haukomei kwenye viwanda vikubwa. Karakana ya kuchomelea mageti, kiwanda kidogo cha matofali na ghala la korosho vimo pia.

Watu wengi hudhani kazi ya usalama ni kuhimiza wenzao wavae kofia na viatu. Hiyo ni sehemu ya mwisho ya kazi, na aliyefundishwa vizuri hujua kwa nini ni ya mwisho. Mfano ulio karibu na wakazi wa Mkuranga ni ubanguaji wa korosho. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, na akina mama wanaobangua kwa mkono wameyafahamu kwa vidole vyao kabla ya kuyasoma popote. Wengine hupaka majivu au mafuta mikononi ili kujikinga. Vidonda vinapowazidi, hukaa nyumbani, na siku hizo hazina malipo. Msimamizi asiye na mafunzo ataagiza glovu, na kwake shauri litakuwa limekwisha. Lakini ndani ya glovu za mpira mikono hutoka jasho, korosho huteleza, na anayelipwa kwa kilo huzivua mapema ili kasi yake isipungue. Kwenye karatasi vifaa kinga vimetolewa. Vidole vinaendelea kuungua.

Aliyefundishwa kufanya tathmini ya vihatarishi huanza mbali zaidi. Huuliza kwanza kama kihatarishi chenyewe kinaweza kuondolewa au kupunguzwa kwenye chanzo. Je, korosho zinapikwa kwa mvuke ipasavyo kabla ya kubanguliwa, ili ganda lipasuke kwa urahisi? Je, ipo mashine rahisi inayoweka umbali kati ya ganda na vidole? Je, malipo ya kilo ndiyo yanayowafanya akina mama wavue glovu, na kama ndivyo, mwajiri yuko tayari kuyatazama upya? Glovu huja baada ya maswali hayo, tena zikiwa zimejaribiwa na wenyewe watakaozivaa. Mpangilio huo wa kuondoa kihatarishi, kukibadilisha kwa kingine chenye madhara madogo, kuweka kizuizi cha kihandisi, kurekebisha utaratibu wa kazi, na mwishowe kutoa vifaa kinga, ni somo la msingi katika fani hii. Asiyeujua hubaki kuwa mtu wa kupiga filimbi.

Vumbi ni somo gumu zaidi, kwa sababu halioneshi madhara yake siku hiyohiyo. Malighafi za vigae, mawe na saruji zina silika, na chembe zake zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Barakoa ya kitambaa haizizuii. Kufagia sakafu kavu huzirusha upya hewani, ilhali kulowesha kwanza, au kufunga mashine ya kufyonza vumbi pale linapozalishwa, hupunguza kiasi kinachovutwa. Ugonjwa wa silikosisi kwa kawaida huchukua miaka mingi kujitokeza, na mapafu yaliyokwisha kuota makovu hayarudi katika hali yake. Kwa makadirio ya Shirika la Kazi Duniani yaliyotolewa mwaka 2023, karibu watu milioni 3 hufariki kila mwaka duniani kwa sababu zinazotokana na kazi. Kati yao, waliokufa kwa ajali ni takriban 330,000. Wengine wote, yapata milioni 2.6, waliuawa na magonjwa. Asiyesomea fani hii huhesabu ajali, kwa kuwa ajali huonekana na kupigiwa kelele. Kumfuatilia kijana mwenye nguvu leo ili asikohoe damu akiwa na miaka hamsini ni kazi ya mtu aliyefundishwa kusoma matokeo ya vipimo vya afya na kuuliza yanatokana na nini.

Neno la nani husikilizwa

Ichukuliwe mfano wa jengo linalopigwa lipu. Jukwaa la kupandia limefungwa kwa mirunda iliyochakaa, na mkandarasi amebakiwa na siku tatu za kukabidhi kazi. Kibarua mwenye uzoefu wa miaka kumi anaona wazi kwamba jukwaa halifai. Akisema, ataambiwa awapishe wanaotaka kazi. Maneno yaleyale yakitamkwa na mtu aliyeteuliwa kwa maandishi, mwenye mafunzo yanayotambulika, na yakaingizwa kwenye daftari la ukaguzi kwa tarehe na sahihi, mkandarasi huyapima kwa namna nyingine. Anajua kwamba siku jukwaa likianguka, mkaguzi ataliomba daftari hilo kwanza.

Hapo ndipo cheti kinapokuwa na thamani kwa watu wengi zaidi ya mwenye nacho. Mshahara mzuri ni jambo la haki kulitafuta, lakini kwa mafundi waliosimama juu ya jukwaa, cheti cha afisa usalama ni ruhusa ya mtu mmoja kusimamisha kazi bila kufukuzwa siku hiyo. Ni kweli pia kwamba wapo waajiri wanaomtafuta mwenye cheti ili jina lake likae kwenye nyaraka za zabuni, kisha wakampa kazi ya kuhesabu glovu stoo. Anayeajiriwa kwa namna hiyo adai barua ya uteuzi inayoeleza mamlaka yake. Bila barua, cheti chake hakitamsaidia yeye wala mafundi.

Ngazi za vyeti

Ngazi ya kwanza ni mafunzo mafupi ya wawakilishi wa usalama na afya, huduma ya kwanza, na kazi mahususi kama vile kufanya kazi maeneo ya juu. OSHA hutoa mafunzo ya aina hiyo, na yanamfaa mtu ambaye tayari yuko kazini. Kijana asiye na ajira anayelipia mafunzo ya siku chache akitarajia kuitwa afisa usalama anajidanganya, au amedanganywa.

Kwa mafundi, njia ni nyingine. Wapo wachomeleaji, waashi na mafundi umeme waliojifunza kwa kaka au mjomba, na mikono yao haina shaka. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa kwa vitendo, huelekezwa penye upungufu, na hupewa cheti kinachotambulika. Fundi umeme anahitaji zaidi ya hapo, yaani leseni ya EWURA ya daraja linalolingana na kazi anayoifanya. Fundi mwenye vyeti vya namna hiyo ambaye ataongeza mafunzo ya usalama huwa ni mtu wa manufaa makubwa kwenye eneo la ujenzi, pengine kuliko mhitimu ambaye hajawahi kushika nyundo, kwa kuwa anajua kazi inavyofanyika na mahali ambapo watu hukata njia za mkato.

Juu ya hapo ipo elimu ya vyuo. Shahada ya sayansi ya afya ya mazingira, kama ile ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ni mlango mmojawapo. Uhandisi ni mwingine. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayeitamani fani hii asizembee katika fizikia, kemia na biolojia.

Kisha vipo vyeti vya kimataifa, ambavyo ndivyo hutajwa sana na mawakala wa mafunzo. NEBOSH ni bodi ya mitihani ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1979. Cheti chake cha jumla cha kimataifa hakidai elimu fulani ya awali, ila kinadai uwezo wa kusoma na kuandika kwa kina, na mtahiniwa hufanya tathmini halisi ya vihatarishi katika sehemu ya kazi. Cheti cha CSP cha Board of Certified Safety Professionals ya Marekani ni cha ngazi ya juu zaidi: humtaka mwombaji awe na shahada na uzoefu wa angalau miaka minne katika kazi ya usalama, na akikipata ni lazima aoneshe kila baada ya miaka mitano kwamba ameendelea kujifunza. Sharti hilo la mwisho ni la busara. Mashine na kemikali zinazoingia viwandani leo si zile za miaka kumi iliyopita.

Vyeti hivi vina soko. Miradi mikubwa, ikiwemo inayofadhiliwa na Benki ya Dunia, huwataka wakandarasi waoneshe wataalamu wa usalama na afya watakaowatumia, na migodi, kampuni za gesi na za mafuta huvitambua. Hata hivyo gharama yake ni kubwa, na hulipwa kwa kiwango cha fedha za kigeni. Mwenye ngazi ya kwanza na ya pili, pamoja na uzoefu ulioandikwa, yuko mahali pazuri pa kuamua kama gharama hiyo itamrudia.

Kabla ya kulipa ada

Chuo chochote kinachojitangaza kihakikiwe. Vyuo vya ufundi na vya kati husajiliwa na NACTVET, na orodha yake iko wazi kwa umma. Anayedai kufundisha kwa niaba ya NEBOSH sharti awe miongoni mwa watoa mafunzo wanaotambuliwa na bodi hiyo, ambao majina yao yapo kwenye tovuti yake. Kwa mafunzo ya OSHA, taarifa sahihi hupatikana katika ofisi ya Kanda ya Pwani iliyoko Dar es Salaam. Cheti kinachopatikana bila mtihani, au kinachotumwa kwa simu saa chache baada ya malipo, hakitavuka meza ya mwajiri anayehakiki. Kwa anayepita kwa asiyehakiki, hatari ni kubwa zaidi, kwani siku moja atatia sahihi kwamba tanki au shimo ni salama kuingia, na mtu ataingia.

Halmashauri yenyewe haitoi vyeti hivi. Maafisa Afya wanaokagua migahawa na machinjio hufanya hivyo chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na ukaguzi wao hauchukui nafasi ya ule wa OSHA. Mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu nayo hutolewa hasa kwa vikundi vyenye miradi, si kwa ajili ya ada ya masomo ya mtu mmoja. Kikundi cha mafundi au cha wabanguaji kinachoandaa andiko la mradi kinaweza, hata hivyo, kuingiza viatu vya usalama, barakoa zinazofaa kwa vumbi na sanduku la huduma ya kwanza katika makadirio yake, na Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata ndiye wa kuonwa kwa ushauri huo.

Anayefanya kazi sasa, awe na cheti au hana, anayo maswali mawili anayoweza kumpelekea mwajiri wake wiki hii: nani ameteuliwa kuwa mwakilishi wa usalama na afya hapa, na je, mwajiri anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi? Mchango huo, wa asilimia 0.5 ya mishahara, hulipwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi chochote, na akiumia au kuugua kutokana na kazi ndiko fidia yake itakakotoka.