Je, Wajua? Simu Zinazouzwa Kabla Hazijaiva

Simu mpya haifiki kwenye kabati la kioo la duka la Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, au Luthuli Avenue, Nairobi, bila kupita kwanza mikononi mwa watu wengine. Baadhi yao ni wahandisi wa kampuni yenyewe. Wengine ni wateja waliotoa fedha zao kwa hiari kununua simu ambayo programu zake hazijakamilika, inayojizima ovyo, na ambayo pengine haiwezi hata kupiga. Hizo ndizo simu za wasanidi, yaani watunga programu. Wanachokitafuta humo ni nafasi ya kuingia mpaka ndani: kubadili mfumo endeshi, kuijaribu kazi yao kwenye kifaa halisi, na kuwa tayari siku wateja watakapoanza kuulizia. Historia yake haizidi miaka ishirini hivi, lakini ukiifuatilia utaliona swali moja likijirudia: mwenye simu ni nani, aliyeinunua au aliyeitengeneza?

Je, wajua kwamba siku 10 tu baada ya iPhone ya kwanza kuingia madukani Marekani, Juni 29, 2007, iliuzwa simu iliyokuwa kinyume chake kabisa? Iliitwa Neo1973, kazi ya mradi wa Openmoko chini ya kampuni ya FIC ya Taiwan. iPhone ya mwaka ule haikuruhusu programu yoyote ya mtu wa nje. Duka lake la programu lilifunguliwa mwaka uliofuata. Neo1973 ilikuja na mfumo wa Linux ambao kila mtu aliruhusiwa kuusoma, kuubadili na kuugawa. Jina lake linakumbuka mwaka 1973, pale Martin Cooper wa Motorola alipopiga simu ya kwanza ya mkononi akiwa mtaani New York, na aliyempigia alikuwa mshindani wake wa Bell Labs.

Openmoko hawakumficha mnunuzi kitu. Walisema wazi kwamba simu hii ni ya wasanidi na kwamba haifai bado kwa matumizi ya kila siku. Ya kawaida iliuzwa dola 300. Ya dola 450 ilikuja na bodi ya kuchunguzia hitilafu, bisibisi, na kile kibapa kidogo cha kuchezea gitaa, ambacho kazi yake hapa ilikuwa kufungulia kasha. Hebu fikiria: kampuni inakuuzia simu na papo hapo inakupa kifaa cha kuifungua. Leo mafundi wetu wanahangaika na simu zilizogandishwa kwa gundi kila upande, na mimi naamini tulipoteza kitu kikubwa tulipoacha njia ile.

Simu iliyofuata, Neo FreeRunner ya mwaka 2008, iliuzwa dola 399. Iliongezewa Wi-Fi, lakini ilikuwa na maradhi yake: mtu uliyempigia alisikia mvumo mkali masikioni. Wanunuzi walikaa wakatafuta chanzo, wakakuta ni suala la umeme kwenye bodi, wakafundishana jinsi ya kulehemu kapasita mahali panapostahili. Mwaka 2009 Openmoko walisitisha utengenezaji wa simu. Ramani za kasha la simu zile walikuwa wameshazitoa bure kwa umma tangu 2008, kwa hiyo aliyetaka kuchonga kasha jipya aliweza kuendelea.

Kabla yao kulikuwa na Greenphone ya kampuni ya Trolltech ya Norway, iliyotangazwa Agosti 2006 kwa karibu dola 700. Hiyo haikukusudiwa kamwe kuuzwa kwa mteja wa kawaida. Ilisitishwa mwaka uliofuata, na Trolltech wakaupeleka mfumo wao kwenye Neo1973 hiyo hiyo.

Je, wajua kwamba hata Google waliwahi kuuza simu iliyofunguliwa kila kufuli? Simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, ilianza kuuzwa Marekani Oktoba 2008 kwa jina la T-Mobile G1, ikiwa imefungwa kwenye mtandao mmoja. Desemba ya mwaka huo Google wakatoa ndugu yake, Android Dev Phone 1, kwa dola 399. Ili uipate ulitakiwa kwanza ujisajili kama msanidi kwa dola 25. Ilikubali laini ya mtandao wowote, na ilimruhusu mwenyewe kuondoa Android nzima na kuweka aliyoijenga kwa mkono wake. Kwa watu waliokuwa nje ya Marekani, mahali ambapo G1 haikuwa imefika, huo ndio uliokuwa mlango wa kuigusa Android mapema.

Uhuru huo ulikuwa na gharama yake. Mapema 2009, programu za kulipia zilizowekewa kinga ya kunakiliwa ziliondolewa machoni mwa wenye simu hizi, kwa kuwa simu iliyo wazi ingemruhusu mtu kuzichukua na kuzigawa. Matokeo yake, msanidi aliyetunga programu na kuiwekea kinga hakuweza kuiona dukani kwa kutumia simu aliyouziwa kwa ajili ya kutungia programu.

Si zote zilizouzwa. Mei 2012 kampuni iliyotengeneza BlackBerry iliwaita wasanidi Orlando, Florida, ikawagawia bure kifaa kilichoitwa Dev Alpha ili waandae programu za mfumo mpya wa BlackBerry 10. Kilikuwa na skrini nzuri ya inchi 4.2, ila hakikuweza kupiga simu. Kampuni iliahidi pia kwamba programu itakayopita ukaguzi wake na kuingiza walau dola 1,000 katika mwaka wa kwanza, yenyewe itamjazia mwenye programu hadi zifike dola 10,000. Ilikuwa ahadi ya watu waliojua kwamba simu isiyo na programu haiuziki. Nokia, mwaka 2011, walichagua kuazimisha: walitengeneza N950, yenye kasha la alumini na kibodi ya kuvuta, wakawapa wasanidi wachache ili wajiandae na simu ya N9. N9 ikauzwa bila kibodi. N950 haikuwahi kuuzwa dukani, na waliobahatika kuishika waliisifu kuliko ile iliyouzwa.

Je, wajua kwamba kitochi kimoja kilichouzwa Tanzania kina ukoo na simu za majaribio zilizouzwa Hispania? Aprili 23, 2013, kampuni ndogo ya Geeksphone ya Madrid ilifungua mauzo ya simu mbili kwa ajili ya wasanidi wa Firefox OS, mfumo wa simu uliotengenezwa na Mozilla. Ndogo, Keon, ilikuwa na rangi ya chungwa na iliuzwa euro 91 kabla ya kodi. Kubwa, Peak, iliuzwa euro 149. Zote mbili ziliisha ndani ya saa chache. Wazo la Mozilla lilikuwa kwamba kila programu ijengwe kwa lugha zile zile zinazojenga kurasa za wavuti, ili anayejua kutengeneza tovuti awe ameshajua kutengeneza programu ya simu, na ili simu ya bei ya chini kabisa iweze kuziendesha. Simu ya kwanza ya Firefox kwa umma, ZTE Open, ilitoka Hispania Julai mwaka huo kwa euro 69.

Mwaka 2014 Mozilla wakatoa Flame, simu ya wasanidi ya dola 170 yenye nafasi ya laini mbili. Ilikuwa na jambo ambalo ningependa kila mtunga programu duniani alazimishwe kulitumia. Kumbukumbu yake ya kuendeshea programu ilikuwa gigabaiti 1, lakini msanidi aliweza kuipunguza kwa amri mpaka karibu robo yake, kisha akaiona programu yake ikikwama kama inavyokwama kwenye simu ya bei nafuu. Programu nyingi tunazozitumia huku zinatungwa na watu wenye simu za bei kubwa na intaneti isiyokatika. Aliyeitumia Flame alipata nafasi ya kukaa upande wa mteja wa laini mbili, anayehesabu megabaiti, na kurekebisha kazi yake kabla haijamfikia.

Firefox OS haikudumu kwenye simu; Mozilla waliiacha mwaka 2016. Msimbo wake ulikuwa wazi, kwa hiyo haukuzikwa. Kampuni nyingine iliuchukua, ikautengeneza ufae simu za vitufe, ikauita KaiOS. India ukaingia kwenye JioPhone mwaka 2017. Tanzania, Vodacom wakauleta mwaka 2019 katika simu waliyoipa jina la Smart Kitochi: simu ya vitufe, yenye intaneti ya 4G. Asili ya mfumo uliokuwa ndani yake ilishajaribiwa na kulalamikiwa miaka sita nyuma na watu waliolipa euro 91 kwa simu isiyokamilika.

Upande wa Apple mambo ni mengine, kwa kuwa hawauzi simu isiyokamilika kwa yeyote. Machi 2010 mhandisi wao mmoja aliisahau simu ya majaribio kwenye baa huko Redwood City, California. Ilikuwa iPhone 4, imevikwa kasha la iPhone 3GS ili isitambulike. Aliyeipata aliiuza kwa tovuti ya Gizmodo kwa dola 5,000, na Aprili picha zake zikasambaa dunia nzima, wiki kadhaa kabla ya Apple kuitangaza Juni 7. Polisi walipekua nyumba ya mhariri aliyeiandika habari hiyo. Mwaka 2011 Gizmodo haikushtakiwa, ila wanaume wawili waliohusika kuiuza walihukumiwa kifungo cha nje cha mwaka mmoja, saa 40 za kazi za jamii, na kuilipa Apple dola 250 kila mmoja.

Wapo pia wanaonunua iPhone za kiwandani ambazo kinga zake hazijawashwa. Simu ikiwa bado kwenye hatua za majaribio, ulinzi wa chipu yake haujafungwa, na anayeishika anaweza kuona namna mfumo unavyofanya kazi kwa ndani. Simu hizo huibwa, huvuka mipaka, na huuzwa kwa siri kwa maelfu ya dola kwa watafiti wa usalama. Jarida la Motherboard lilianika biashara hiyo Machi 2019. Mwaka uliofuata Apple wakaanza kuwaazima watafiti iPhone maalumu iliyo wazi. Mkopo ni wa miezi 12, unaweza kuongezwa, simu inabaki mali ya Apple, na hairuhusiwi kutumiwa kama simu ya kila siku. Ni nafuu kuliko mali ya wizi, lakini mimi bado nasimama na wale wa dola 300 na bisibisi. Mtafiti aliyenunua chombo chake anaweza kusema alichokiona bila kumwomba mtu ruhusa.

Njia ile ya zamani haijafa. Kampuni ya Pine64 ilianza kusambaza PinePhone ya toleo la BraveHeart Januari 2020 kwa dola 149.99, ikiwa na programu ya kukagua vifaa tu. Mfumo endeshi, mnunuzi alijitafutia mwenyewe. Ukibandua kifuniko cha nyuma unakuta swichi ndogo sita, na kwa swichi hizo unaweza kukata umeme wa maikrofoni, kamera au mtandao, kila kimoja peke yake. Purism, wa Marekani, walikusanya zaidi ya dola milioni 2 mwaka 2017 kwa ajili ya Librem 5, wakaahidi kuitoa Januari 2019. Fungu la kwanza lilianza kutoka Septemba mwaka huo, likiwa na makasha yaliyochongwa moja moja ambayo hayakukaa sawasawa. Mafungu waliyapa majina ya miti, na lile la uzalishaji mkubwa lilikuja mwishoni mwa 2020. Waliolipa dola 599 mwanzoni walisubiri miaka mitatu na zaidi.

Kabla hujaagiza, kuna jambo la kisheria. Marekani, kifaa ambacho tume ya mawasiliano haijakiidhinisha hakiruhusiwi kuuzwa kwa mtumiaji wa kawaida, na vifaa vya majaribio hubandikwa maandishi yanayosema hivyo. Kwetu, mlango ni IMEI, namba ya tarakimu 15 unayoiona ukibonyeza *#06#. Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016. Mitambo huitazama namba hiyo, haijui kama simu ni ya bandia ya uchochoroni au ni ya mtafiti mwenye nia njema. Toleo la wasanidi linalouzwa wazi na kampuni yake huwa na IMEI iliyosajiliwa. Ile iliyotoroshwa kiwandani mara nyingi haina, au ina ya majaribio. Kwa hiyo mwombe muuzaji akutumie namba hiyo kwanza. Ukiwa Tanzania, itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Kisha uliza simu inashika masafa gani ya 4G, kwa maana simu nyingi za aina hii zilitengenezwa zikilenga mitandao ya Ulaya na Marekani, na muda wa dhamana ni mfupi: kwa BraveHeart ulikuwa siku 30.