Mvivu, Mchovu au Mgonjwa?

Katika vilima vya Kisii na Nyamira, wachumaji wa chai huamka mapema, wakapanda mashamba na vikapu mgongoni. Lakini hutokea siku mtu aliye hodari akaonekana ameketi kando ya shamba, kikapu chake kitupu. Jirani apitaye husema upesi, “Mvivu huyo!” Neno hilo ni jepesi kulitamka, bali kulifuta ni kazi kubwa.

Kiingereza, ambacho makarani hukitumia katika taarifa zao, kina maneno mengi ya hali hiyo. “Tired” ni aliyechoka kwa kazi. Akilala, asubuhi nguvu zimerudi. “Lazy” ni mvivu hasa: nguvu anazo, ila hataki kuzitumia. “Listless” ni asiyevutwa na jambo lolote, kwa maana “list” katika Kiingereza cha kale ilikuwa ni hamu. “Lethargic” ni aliye mzito wa mwili na akili, kama mwenye usingizi. Neno hili asili yake ni Kiyunani, na zamani waganga wa Ulaya walilitumia kuwa jina la ugonjwa.

Kiswahili nacho hakikupungukiwa. Uchovu si uvivu, wala ulegevu si unyonge. Asemaye “Nimechoka” aomba kupumzika. Asemaye “Mwili hauna nguvu” aomba kutazamwa.

Tofauti hiyo si ya darasani tu. Nyanda hizi, ijapokuwa zina baridi, zilipatwa na milipuko mikali ya malaria katika miaka ya 1990. Vijidudu vya malaria huharibu chembe nyekundu za damu, na minyoo ya safura hunyonya damu tumboni. Damu ikipungua, mtu huishiwa nguvu, hutweta apandapo kilima, na viganja vyake hupauka. Huyo hata akikemewa mara saba hataweza kazi, kwa maana makemeo hayaongezi damu.

Basi, kabla karani hajaandika “lazy” katika taarifa ya mwenzake, na kabla mzazi hajamkaripia mwanawe, yafaa aulize: Hali hii ilianza lini? Akilala, nguvu hurudi? Ana homa? Kama juzi alikuwa hodari na leo hawezi kuinua jembe, apelekwe zahanati akapimwe damu. Mvivu wa kweli atajulikana hata kesho. Mgonjwa akicheleweshwa, huenda kesho isimkute.